Nimempeleka Mama Kupima Macho Dodoma: Kipimo Safi, Kaunta Kuweni Macho

Habari zenu watazamaji wangu, wa hapa Dodoma na mlioko mbali. Mmeniuliza sana, "Dada, macho tupimie wapi bila kupigwa?" Leo nachambua kliniki moja ya optometria, yaani ya kupima macho na kutoa miwani, si mbali na Nyerere Square. Jina silitaji. Hawajanilipa, na kuna mahali nitawasema.

Nimeenda na mama, mzaliwa wa Kongwa. Na mimi nimo: nimeshavuka 40, meseji naisoma mkono ukiwa umenyooka. Lenzi ya jicho inakakamaa na umri, itatufikia wote, kwa hiyo mnaojificha acheni.

Chumba cha vipimo ndipo hela yenu ilipo. Kijana aliyetupima ana cheti cha usajili kimetundikwa ukutani. Kitafuteni hicho kabla hamjakaa kitini. "Shikamoo mama." "Marahaba mwanangu." Hakukimbilia mashine. Kauliza kwanza: una kisukari? Presha? Kwenye ukoo kuna aliyepofuka? Dawa gani unatumia? Mama akachomoa kwenye pochi kichupa cha matone alichonunua duka la dawa, anajidondoshea vumbi likimwasha. Kijana akasoma lebo. "Mama, hii ina steroidi. Ukiitumia muda mrefu inapandisha presha ya jicho na inaleta mtoto wa jicho. Tuiweke pembeni." Hapo tu nikaona nauli imerudi.

Aliposikia Kongwa, akaigeuza kope ya juu ya mama, ndani ikawa nje, akaimulika. Anatafuta makovu ya trakoma, ule ugonjwa wa macho wa kuambukiza. Wa kule mnaelewa: watafiti wameufuatilia ugonjwa huo Kongwa tangu miaka ya 1980, pamoja na suala zima la kunawisha watoto uso. Ukimrudiarudia mtu tangu utotoni, kope inafanya makovu kwa ndani, inajikunja, na nywele zake zinakwaruza jicho kila ukipepesa. Mama makovu anayo kidogo, nywele ziko sawa. Zingekuwa zimegeuka, hapo ni rufaa ya upasuaji hospitali, siyo miwani. Kliniki inayokuuzia miwani kwa tatizo la namna hiyo, ikimbieni.

Kisha mashine ya kupuliza hewa jichoni, puu! Mama karuka kitini, tukacheka. Msikiruke hicho kipimo. Presha ya macho kwa wengi haiumi, inakula uoni wa pembeni taratibu, na kilichopotea hakirudi. Ubao wa herufi mama hausomi vizuri, akapewa ule wa E, anaonyesha kwa vidole imeelekea wapi. Zamu yangu ilipofika nikavalishwa ile fremu nzito ya majaribio, lenzi zinaingia na kutoka. "Hii... au hii?" Mimi nabahatisha kama mtihani. "Dada, zikiwa sawa sema sawa, usinifurahishe." Nikampenda.

Kasoro ya chumba hicho: mboni hawakuzipanua kwa matone, retina, ile ngozi ya ndani nyuma ya jicho inayopokea picha, ilimulikwa harakaharaka. Mama hana kisukari, tukaacha ipite. Wewe mwenye kisukari usikubali. Retina yako inatakiwa kuangaliwa vizuri kila mwaka, hata kama unaona safi.

Sasa kaunta. Jamani, kaunta! Kipimo bei yake ya kawaida, fremu ndiyo inakamua mfuko. Dada wa mauzo akaanza na lenzi za kuzuia mwanga wa bluu, "za kompyuta". Nyie wa ofisi za serikali kule Mtumba mmeuziwa sana hizi. Mwaka 2023 Cochrane, mtandao wa watafiti wanaochambua tafiti za afya, walikusanya majaribio 17, wakaona huenda hazipunguzi uchovu wa macho kuliko lenzi za kawaida. Kila dakika 20 angalia mbali, mita 6 hivi, kwa sekunde 20. Bure. Lenzi zinazogeuka giza juani naziunga mkono, jua letu mnalijua, ila dereva usizitegemee, kioo cha mbele cha gari kinazuia mionzi inayozibadilisha.

Halafu nikaomba cheti cha miwani. "Kinabaki kwenye faili, dada." Wapi! Nilisimama palepale, foleni nyuma yangu inaguna, mpaka kijana akatoka kuniandikia: jicho la kulia, la kushoto, plasi ngapi, na umbali wa mboni kwa mboni. Kwa karatasi hiyo unachonga miwani popote. Kuzuiliwa kwake ni ujanja wa biashara, na hilo ndilo limewashushia alama kwangu.

Miwani ya kusomea ya machinga? Kama macho yako yote mawili yana nguvu sawa na umeshapimwa, sioni ubaya.

Bima ulizeni mapokezi kabla ya kuingia. Na siku ya kuchukua miwani, vaeni, mtembee, mshuke ngazi, ndipo mmalizie salio. Ya mama ilikuwa inamteremka puani. Wakaipasha moto mikono ya miwani, wakaikunja nyuma ya masikio, dakika chache tu, hawakudai hata mia.