Sufuria ya presha ya lita 6: tuanze na vali yake

Wauzaji wa sufuria za presha hupenda kusifu mng'ao wa chuma na unene wa kitako, lakini anayetaka kuipima kwa haki ataanza na mahali mvuke unapotokea, kwa kuwa kazi kubwa ya chombo hiki ni kuuzuia mvuke kwa kiasi na kuuachia kwa wakati wake. Ninayoitathmini hapa ni ya lita 6, ya chuma cha pua, inayotumika juu ya jiko la kawaida, na vali yake ni kizito kinachokalia kitundu kilicho katikati ya mfuniko.

Kwenye usawa wa bahari, maji yaliyomo katika sufuria ya wazi huchemka kwa nyuzi joto 100 za Selsiasi na hayapandi zaidi hata moto ukiongezwa. Mvuke ukifungiwa mpaka presha yake izidi ile ya hewa ya nje kwa takriban kilopaskali 100, maji hayohayo hufikia karibu nyuzi 120. Ndiyo maana maharage na nyama ngumu huiva kwa sehemu ndogo tu ya muda uliozoeleka, na ndiyo maana anayepikia nyanda za juu, ambako maji huchemka kabla ya kufika nyuzi 100, huifaidi zaidi.

Kizito cha sufuria hii kimenipendeza. Presha ikitimia, mvuke hukiinua kidogo, hutoka kwa mlio, kisha kizito hurudi mahali pake, na mpishi aliye chumba cha pili hujua kwamba ni wakati wa kupunguza moto. Vali za springi zilizo katika sufuria za bei ya juu ni kimya na hupoteza maji kidogo, jambo ambalo ni sifa ya kweli. Hata hivyo, kizito hung'olewa kwa vidole na kitundu chake hutazamwa kwenye mwanga kama kimeziba, nami naona wepesi huo wa ukaguzi unazidi ukimya.

Wazo lenyewe ni la zamani. Mfaransa Denis Papin aliibuni sufuria ya namna hii mwaka 1679 akiwa London, akaiwekea vali ya usalama iliyokandamizwa na wenzo wenye uzito, na Aprili 1682 wanachama wa Royal Society, jumuiya ya wanasayansi ya London, walilishwa chakula kilichopikwa humo, mifupa ya ng'ombe ikiwa imelainika kama jibini. Vali ya aina hiyo baadaye ikawa kinga ya mabwela (matangi ya kuchemshia maji) ya injini za mvuke, ambayo yalilipuka mara nyingi pale waendeshaji walipozifunga vali kwa makusudi ili kupata nguvu zaidi. (Anayewaza kukiongezea kizito uzito ili chakula kiive upesi anarudia kosa lilelile.)

Kasoro ninayoiona ni mbaya zaidi imo katika kijitabu cha maelekezo, ambacho kinasema tu kwamba sufuria isijazwe kupita theluthi mbili, bila kueleza kwamba maharage, dengu na nafaka hutoa povu linaloweza kupanda na kuziba kitundu, hivyo yasipite nusu. Ipo vali ya pili ya akiba pembeni mwa mfuniko, nayo ndiyo inayookoa hali kitundu kikuu kikiziba, lakini kijitabu hakiitaji kabisa. Hakielezi pia kwamba vyakula vyenye povu vinapaswa kuachwa vipoe polepole hadi pini ya kufuli, ile inayozuia mfuniko kufunguka presha ikiwamo, ishuke yenyewe, ilhali mboga zinafaa kutolewa mvuke mara moja ili zisipondeke.

Mishikio haishiki joto kupita kiasi, na kitako kinasambaza moto vizuri. Mpira wa mfuniko unakaa sawasawa ukiwa mpya, ila mipira yote ya aina hii hukakamaa kwa matumizi, na dalili yake ni mvuke kupenya ukingoni huku kizito kikiwa kimetulia. Naipendekeza sufuria hii kwa familia inayopika maharage mara kwa mara, kwa sharti moja: kabla ya kulipa, mnunuzi amuulize muuzaji kama mpira wa akiba wa kipimo hichohicho unapatikana, na jibu likiwa hapana, atafute nyingine.