Horizon Zero Dawn: uzoefu wangu kama mwanamke anayecheza gemu

Nimeirudia Horizon Zero Dawn mwanzo hadi mwisho, na nimeona niizungumzie kwa upande ambao maoni mengi huupita juu juu: mchezaji wa kike anapokewaje humo ndani? Uzuri wa picha zake umeshasifiwa vya kutosha, na sifa hizo inastahili. Mimi nataka kueleza kwa nini gemu hii imenishika, wakati nyingine kadhaa zenye wahusika wa kike zilinichosha mapema.

Kwa asiyeijua: ilitoka 2017 kwa PlayStation 4, kazi ya studio ya Guerrilla ya Uholanzi, na mwaka 2020 ikaingia kwenye kompyuta. Unacheza kama Aloy, binti aliyetengwa na kabila la Nora tangu akiwa mchanga, akalelewa na Rost, mzee aliyetengwa kama yeye. Ustaarabu wa kale umebaki magofu, na porini zinazurura mashine zenye maumbo ya wanyama. Aloy ana upinde, mkuki, na kifaa kidogo cha sikioni kinachomwonyesha yale ambayo wenzake hawayaoni.

Nianze na mavazi, maana hapo ndipo gemu nyingi huniudhi. Askari wa kiume amevikwa chuma kuanzia utosini mpaka kisiginoni, halafu mwenzake wa kike, aliye kwenye vita hiyohiyo, yuko tumbo wazi na mapaja nje. Kamera nayo haitulii mpaka imtazame pale inapotaka itazame. Aloy anavaa kama mwindaji: ngozi, manyoya, vipande vya chuma vilivyobanduliwa kwenye mashine alizoziua. Kila vazi lina kazi yake. Moja linapunguza makali ya baridi, jingine ya moto, jingine linamfanya asionekane upesi akiwa amejibanza majanini. Nikibadilisha nguo, ninawaza pambano lililo mbele yangu. Na urembo naupenda, sifichi. Zile nywele zake nyekundu zenye misuko zinanifurahisha kila ninapoziona. Mtu anaweza kupenda kupendeza na akataka vazi linalokinga. Sijui nani aliamua kwamba sisi tuchague kimoja.

Pambano lenyewe ndilo lililoniweka macho usiku. Chukua Watcher, mashine ya mwanzo mwanzo kabisa, yenye jicho moja kubwa linalowaka. Jicho likiwa la buluu, haina habari nawe. Likigeuka la njano, imehisi kitu. Likiwa jekundu, umeonekana. Unajibanza kwenye nyasi ndefu, unapiga mluzi, inasogea taratibu kuja kuchungulia, na wewe umevuta upinde ukisubiri. Baadaye unakutana na Thunderjaw, jitu la chuma lenye mitaya mikubwa, na hapo upinde wa kawaida peke yake haukufikishi mbali. Inabidi uichunguze kwanza kwa kile kifaa cha sikioni, ujue sehemu zake dhaifu, ulenge mtambo wa kurushia visahani ulioko mgongoni, uung'oe kwa mishale maalumu ya kubandua, kisha ukimbie ukauokote na uipige mashine kwa silaha yake yenyewe. Gemu haikunipunguzia chochote hapo. Ilinitaka nifikiri, nipange, na nikiuawa nirudi tena. Hiyo kwangu ni heshima.

Nalisema hili kwa sababu juhudi za kuwavuta wanawake kwenye gemu zina historia ndefu, na si zote zilituheshimu. Mwaka 1980 Mjapani Toru Iwatani alipobuni gemu ya Pac-Man alikuwa na nia ya kuwavuta wanawake kwenye kumbi zilizokuwa zimejaa gemu za kupiga risasi, akaja na wazo la kula. Likafanikiwa kwa wote. Mwaka 1996 ikaja gemu ya kubuni nguo za mwanasesere, Barbie Fashion Designer, ikauza zaidi ya nakala laki tano kwa miezi michache, na wengi sokoni wakajifunza jambo moja tu: wasichana wapewe rangi ya waridi na nguo za kushona. Sina ugomvi na mtoto aliyefurahia kushona nguo za mwanasesere. Ugomvi wangu ni na wale waliochukua hiyo ikawa ndiyo sehemu yetu, na vingine vyote vikawa vya wavulana. Wakati huohuo, tangu 1982, vijana walikuwa wakirusha ndege na kulipua madaraja kwenye River Raid, gemu iliyobuniwa na mwanamke, Carol Shaw.

Horizon ina hadithi ndogo ya pembeni inayoligusa hili vizuri kuliko hotuba yoyote. Kwenye jiji la Meridian kuna jumba la wawindaji, na humo yuko Talanah, mwindaji hodari ambaye wakubwa wa jumba hawamtaki. Anamchukua Aloy awe mwanafunzi wake, na mwishoni wanakwenda kumsaka Redmaw, Thunderjaw aliyeogopwa na wote. Hakuna anayesimama kuhubiri. Unaona tu wanawake wawili wakifanya kazi waliyoambiwa hawaiwezi, na kazi inafanyika.

Ndani ya gemu hii nina amani kwa sababu niko peke yangu. Hakuna kuongea na watu wa mtandaoni. Kwenye gemu moja ya kurushiana risasi, ambayo siitaji jina, nilifungua maiki kuwaambia wenzangu adui yuko ghorofani kulia. Hawakuuliza ghorofa ipi. Mmoja akauliza kama mimi ni demu, mwingine akaniambia nirudi jikoni, wa tatu akaanza kuomba picha, na adui akatumaliza wote. Baada ya hapo nikawa nacheza kimya, na najua wanawake wengi wanaocheza kimya hivyohivyo, wenye majina yasiyoonyesha jinsia. Ndiyo maana watu huapa kwamba hawajawahi kukutana na mwanamke kwenye gemu. Wamekutana naye, alizima maiki. Kimya hicho kinatugharimu, maana gemu za timu hazichezeki vizuri bila kuongea, na asiyeongea hapandi daraja. Uwezo upo: mwaka 2018 mchezaji wa kike aitwaye Scarlett alishinda IEM PyeongChang, mashindano makubwa ya gemu ya vita ya StarCraft II, na mwaka uliofuata mwanamke mwingine, Liooon, akatwaa ubingwa wa dunia wa gemu ya karata ya Hearthstone.

Kwa hiyo naipenda Horizon kwa moyo wote, na bado nasikitika kwamba raha ninayoipata humo inategemea kuwa mbali na watu.

Kwa anayetaka kujua kama ainunue: ndiyo, hata kama wewe ni mwanaume uliyechoka na wahusika wenye hasira muda wote. Kwenye baadhi ya mazungumzo unachagua Aloy ajibu vipi, kwa alama ya ngumi, moyo au ubongo, na uchaguzi huo unamfanya awe mtu mwenye nafsi. Mapambano na binadamu hayafikii ladha ya yale ya mashine, hilo niliseme wazi, na kazi za kuokota vitu unaweza kuziacha bila kupungukiwa. Wale waliokuwa wakidai gemu yenye shujaa wa kike haiuzi, hii imeuza zaidi ya nakala milioni 20 ndani ya miaka mitano.

Dada ambaye hujawahi kushika padi ya kuchezea gemu, anza na ngazi nyepesi, na usimwachie kaka au mpenzi akushikie sehemu ngumu. Mwanzoni, Aloy akiwa bado mtoto, tembea polepole, jizoeze kujibanza na kuangalia njia za mashine kabla hujarusha chochote. Ukifika kwa Thunderjaw, ng'oa kwanza ule mtambo wa mgongoni.