Soko la Memorial, Moshi: hapa ndo vifaa vya Kilimanjaro vinapopatikana (nyota 4 kati ya 5)

Naandika hii kwa vijana wanaotaka kuingia kazi ya mlimani, iwe unaanza kama mgumu wa kubeba mizigo au umeshapata leseni ya KINAPA (wasimamizi wa hifadhi ya mlima) unaanza kupeleka wageni, na pia kwa ndugu zetu wa Dar na Arusha wanaoniuliza kila leo "kaka vifaa vya kupandia Kili nanunua wapi". Jibu langu ni Memorial, mitumbani. Mimi ni muongoza wageni, na kipindi wageni wakipungua nafundisha vijana mambo ya porini, kupiga kambi, kusoma ramani, mafundo ya kamba, huduma ya kwanza, na darasa la kwanza huwa silifanyii msituni, nalifanyia hapo sokoni, tunazunguka kwenye mabanda asubuhi nzima tunashika nguo na kupinda viatu. Wengine wanashangaa mwanzoni. Lakini kijana asiyejua kuchagua jaketi siwezi kumpandisha Barafu, kambi ya mwisho kabla ya kilele, hata awe na mapafu gani.

Piga hesabu kidogo utanielewa. Moshi mjini hatufiki hata mita 1,000, kilele cha Uhuru ni mita 5,895, na kila ukipanda mita 100 joto linashuka karibu nusu digrii na kitu. Yani siku Moshi watu wanatembea na fulana kwenye digrii 30, kule juu mchana uko kwenye sifuri, sasa weka usiku maana samit, yani kwenda kileleni, tunaondoka saa sita usiku, weka na upepo wa Stella Point karibu na kilele, unakuta hasi 10, siku mbaya hasi 20. Halafu mwenzetu anakuja getini na raba, suruali ya jinzi na sweta la shule. Wamekufa watu kwa baridi ule mlima wakiwemo wabeba mizigo, kwaiyo hili suala la nguo mimi silichukulii kama la fasheni.

Tuanze na viatu maana ndo wengi wanapopigwa. Buti zinazokuja kwenye mabelo ya Ulaya ni za maana kweli, utakuta Meindl, Lowa, Hanwag, Scarpa, ngozi nzito, soli ya Vibram yenye kile kialama cha njano, vitu ambavyo vikiwa vipya bei yake inakula malipo ya safari kadhaa za mgumu. Sasa kuna kitu hakionekani kwa macho. Kati ya soli ya chini na ngozi kuna tabaka laini la katikati, na kwenye buti nyingi za mlimani limetengenezwa kwa poliyurethani, na hiyo kitu inaliwa na unyevu wa hewani taratibu miaka inavyoenda hata kama kiatu hakivaliwi. Tena kiatu kilichofungiwa stoo miaka minane kinaweza kuwa kibovu kuliko cha mtu aliyekuwa anakivaa kila wikiendi! Muuzaji anakwambia "mangi hii haijakanyaga hata chini", na anasema kweli kabisa, meno yote yapo, ngozi inang'aa, afu siku ya tatu mlimani unapita pale kambi ya Barranco soli inaachia nzima nzima, ndani unakuta unga. Nimeshashuhudia kwa mgeni na buti yake aliyotoka nayo kwao, tukaifunga na kamba na gundi ya karatasi mpaka kambi ya Karanga.

Kwaiyo fanya hivi. Bonyeza lile tabaka la katikati kwa kucha ya dole gumba, bonyeza kwa nguvu usiogope muuzaji, ikirudi vizuri sawa, ikibaki na alama, ikimeguka au ikinatanata achana nayo hata kama ni ya elfu kumi. Pinda kiatu sehemu ya vidole mara kadhaa huku unaangalia pembeni kama kuna nyufa nyembamba zinafunguka. Funua ulimi, viatu vingi vina kilebo kidogo ndani chenye mwezi na mwaka wa kutengenezwa, kikizidi miaka kumi mimi sikigusi. Na usidanganywe na "fundi atashona". Fundi wetu wanajua kazi, kama gundi tu ndo imeachia mpe aibandike halafu aizungushie uzi pembeni, hiyo itakaa. Ila tabaka likishakuwa unga uzi hauna pa kushika. Ukiona katikati pana ile fomu nyepesi kama ya raba za kukimbilia hiyo ni EVA, haimeguki namna hiyo, yenyewe inabonyea tu ikichoka.

Saizi nayo. Nenda na soksi nzito za mlimani mfukoni, siyo unajaribu na soksi za ofisini. Sukuma mguu mbele mpaka vidole viguse, kidole cha mkono kiingie nyuma ya kisigino. Kisha tafuta ngazi au ukingo wowote ulioinama, simama kama unashuka, piga piga ncha. Vidole vikigonga mbele rudisha, maana kutoka Uhuru mpaka geti la Mweka unashuka mita zaidi ya 4,000 ndani ya siku mbili na kucha zitatoka zote.

Majaketi ndo raha ya Memorial, yamejaa na yanakuja ya kila aina, shida ni kwamba watu wanachanganya jaketi la mvua na jaketi la joto wanadhani likiwa zito limemaliza yote. La mvua ligeuze ndani nje kabla hujauliza bei. Kwenye mishono kuna utepe umebandikwa, uangalie wote hasa mabegani na kwenye kofia, ukiona umeanza kunyanyuka au ndani kunapukutika vimagamba vyeupe basi limekwisha, hakuna dawa. Lakini ukimwagia maji nje ukaona kitambaa kinalowa badala ya matone kuteleza usilitupe haraka, kama ndani ni pakavu na utepe mzima mara nyingi ni ile dawa ya juu ya kuzuia maji tu imechoka, kalifue vizuri lisibaki na sabuni, likaushe, lipige pasi ya uvuguvugu juu yake kuna kitambaa, mengi yanaamka. Hili somo vijana wangu wanalipenda sana kwasababu wanaliona kwa macho, jaketi lililodharauliwa na watu kumi linakaa kwenye mvua ya njia ya Machame toka getini mpaka kambini bila kupitisha tone.

La joto kuna la manyoya ya bata na la nyuzi za kiwandani. La manyoya likamate kiganjani lifinye halafu achia, zuri linavimba lenyewe palepale, lililokufa linabaki na mabonge. Linyanyue kwenye jua uone vile vifuko, vikiwa vitupu mabegani ndo baridi itakapoingilia. Hata hivyo kwa wagumu mimi nashauri la kiwandani, najua ni zito kidogo na linajaza begi, ila manyoya yakishalowa hayana msaada wowote na mgumu ndo mtu anayelowa kuliko wote mlimani, anapita msituni na mzigo kichwani mvua inamshukia, anafika kambini anaanza kusimamisha hema za wageni kabla hajabadilisha hata soksi. Ile kazi ya kulowa mchana na kulala na nguo mbichi ndo inaua, siyo barafu ya kule juu peke yake. Nafundisha dalili zake kwa mpangilio huu na nitaendelea kuzirudia: mtu anatetemeka, anakuwa mzito kujibu, maneno yanagongana mdomoni, anajikwaa pasipo jiwe, halafu anaacha kutetemeka. Hapo alipoacha kutetemeka wengi wanadhani amepata nafuu. Ndo hatari yenyewe, mvue nguo zilizolowa, mkaushe, mfunike pamoja na kichwa, mkinge asilale kwenye ardhi tupu, kama anameza vizuri mpe kitu cha moto chenye sukari, na mpango wa kumshusha uanze bila kusubiri asubuhi.

Ndo maana nguo ya ndani nasisitiza isiwe pamba. Hapo Memorial tafuta sufu au poliesta, soma lebo, fulana ya pamba inanywa jasho inakaa nalo mgongoni usiku kucha. Sweta za flisi zinapatikana kwa bei ndogo sana na hazina ujanja, angalia zipu tu.

Sliping begi: kwenye zile za Ulaya utakuta lebo imeandikwa joto la aina tatu, la kulala kwa raha, la mpaka, na la kunusurika tu. Muuzaji atakusomea lile la mwisho kwasababu ndo lina namba kubwa. Wewe soma la raha, mimi kwa Barafu na Kibo Hut natafuta lililo hasi 10 au karibu na hapo. Lifungue zipu yote, ingia ndani kabisa usione aibu, na linuse, harufu ya ukungu haitoki hata ufue mara ngapi.

Sasa nyota moja nimeinyima kwa sababu kuna vitu vya mlimani ambavyo mtumba hauwezi kukupa na watu wananunua hivyohivyo. Kamba za kupandia miamba na mikanda yake usinunue mtumba kamwe, hujui ilianguka na mtu mara ngapi wala imekaa juani miaka mingapi, na nailoni iliyochoka na jua haikwambii. Njia zetu za kawaida za Kili hazihitaji kamba ila mimi nafundisha na miamba kwaiyo najua vijana wanavitamani. Miwani ya jua pia hapana. Miwani ya giza isiyozuia miale mikali ya jua (UV) ni mbaya kuliko kukosa kabisa, mboni inafunguka kwa lile giza halafu miale inaingia yote, na juu kule theluji inakurudishia mwanga wa pili machoni. Kanunue kwa mtu wa miwani anayeweza kuipima. Taa ya kichwani nunua mpya na betri za akiba, usiku wa samit betri zinakufa mapema kwa baridi, kaa nazo mfuko wa ndani karibu na mwili.

Na kipya nacho siyo lazima kiwe kizuri. Kuna duka mjini, silitaji, niliuziwa glavu mpya kwenye plastiki zina jina kubwa la Marekani, mvua ya kwanza zikanywa maji kama sponji. Ndo zilinirudisha mitumbani kwenye glavu za kuteleza kwenye theluji zilizovaliwa na mtu huko Austria, hizo nazivaa mpaka leo.

Kuhusu bei siwezi kukupangia maana inategemea belo, msimu na sura yako. Buti zangu za sasa zilianzia laki na ishirini nikalipa elfu 65, na hatukugombana. Msalimie mtu kwanza, "shikamoo mama" kama ni mama, "habari za asubuhi dada, biashara inaendaje", kaa, shika, uliza za saizi yako, ukipata kasoro mwonyeshe kwa heshima bila kumponda mbele za wateja wengine. Kina mama wa pale wanajua bidhaa zao kuliko unavyofikiri, na ukishakuwa mteja wakifungua belo lenye vitu vya mlimani wanakupigia simu. Mimi nina dada mmoja wa majaketi, darasa zima nampelekea kwasababu ananiambia ukweli, "mwalimu hili usichukue, utepe umekufa". Mtu wa namna hiyo mshike. Ukienda mwenyewe usivae jezi ya kampuni wala usiongozane na mgeni wako, bei itapanda hapohapo.

Dada zetu mnaoingia kazini, na nafurahi sana mnaongezeka, kwenu ndo pazuri zaidi. Saizi 38 na 39 utakuta za kumwaga na nyingi hazijachoka. Kwa wanaume wa 45 kwenda juu jiandae kurudi wiki kadhaa.

Nenda asubuhi mapema kukiwa na mwanga, beba hela taslimu, chupa ya maji ya kupimia jaketi, zile soksi, na muda. Na kama hela haipo kabisa na safari ni kesho kutwa usipande na raba, KPAP, shirika la kusaidia wabeba mizigo, hapohapo Moshi wanawaazimisha wabeba mizigo jaketi, buti na suruali za mvua bure, wahi kabla saizi yako haijachukuliwa, na ukishuka virudishe vimefuliwa na kukauka kwasababu kuna kundi lingine linaingia njia ya Lemosho wiki hiyohiyo.