Kitabu cha maisha ya mtoto: nunua karatasi, si kitabu

Shule zikifungwa Desemba, wazazi na walimu wengi wa Dar es Salaam hutafuta kitu ambacho mtoto ataandikia habari za maisha yake mwenyewe: kazaliwa wapi, kalelewa na nani, anakumbuka nini. Madukani kuna njia tatu: kitabu cha kujaza kilichoagizwa nje, kaunta buku, na karatasi za rimu utakazokunja na kushona mwenyewe. Tathmini hii ni kwa watoto wa darasa la tatu hadi la saba, na msimamo wetu tunauweka wazi mapema: nunua karatasi. Bei ni nafuu, lakini hiyo siyo sababu kubwa. Mtoto huandika kwa uhuru pale anapojua kwamba ukurasa ukiharibika unatolewa na kazi inaendelea.

Kitabu cha kujaza kinavutia machoni. Jalada gumu, picha za rangi, kila ukurasa na swali lake. Ukikishika ndipo kasoro zinapoonekana. Karatasi yake inateleza: penseli haishiki, na wino wa jeli unachelewa kukauka, mkono ukipita unapaka mstari mzima. Maswali mengi yametungwa kwa ajili ya mtoto wa mbali, theluji na chumba chake cha peke yake vimo. Nafasi ya jibu ni mstari mmoja au miwili, kwa hiyo mtoto anajibu kama anayejaza fomu. Kibaya zaidi ni ukurasa wa ukoo wenye nafasi mbili za wazazi na nne za babu na bibi. Mtoto aliyelelewa na mama mkubwa Temeke, au mwenye ndugu waliozaliwa na mama tofauti, hana pa kuwaweka watu wake, na nafasi zinazobaki wazi zinamuumiza. Hatukipendekezi.

Kaunta buku ni chombo imara. Ile ya kwaya 2 ina kurasa 192, imeshonwa, jalada lake linastahimili begi la shule. Tatizo ni ukurasa wa kwanza. Mtoto anataka uwe msafi, anakosea neno la tatu, anachana. Katika daftari la kushonwa, ukichana karatasi moja, pacha yake ya upande wa pili nayo inalegea. Baada ya siku chache kurasa za mbele zinaning'inia na moyo wa kuandika umekwisha. Itumie kaunta buku kwa rasimu, au iwe ya mtu mzima anayeandika yale mtoto anayosimulia kwa mdomo.

Sasa karatasi. Rimu moja ya A4 ya gramu 80 ina karatasi 500, inatosha watoto 30 pamoja na rasimu zao. Kila mtoto apewe 5 za kitabu, 10 za rasimu, faili la manila na tegi moja ya kufungia rasimu. Karatasi ya manila kwa jalada ikatwe kwa kipimo cha A4. Uzi mzuri ni ule uliopakwa nta wanaotumia mafundi viatu. Wa cherehani ni mwembamba, unakata karatasi, labda uukunje mara mbili au tatu. Vyote hivi vinapatikana Kariakoo kwa mzunguko mmoja. Nenda kabla ya Januari, maana shule zikikaribia kufunguliwa foleni inakuwa ndefu na bei hupanda.

Kunja karatasi 5 kwa pamoja katikati, upate kurasa 20. Kabla hujamkabidhi mtoto, weka namba kwa penseli chini ya kila ukurasa zikiwa bado zimekunjwa. Hatua hii watu huiruka, na ndiyo inayovuruga vitabu vingi: ukizikunjua, ukurasa wa 1 na wa 20 wako kwenye karatasi moja, upande mmoja, na mtoto asiye na namba ataandika habari ya kuzaliwa ikaangukia katikati ya habari ya darasa la nne. Karatasi zisizidi 6. Zikizidi, za ndani zinachomoza mbele ya za nje, na ukizikata ziwe sawa unakata na maneno.

Kushona kuje mwisho kabisa, baada ya maandishi na picha kukamilika. Mgongo wa kitabu una sentimeta 21. Toboa matundu matatu kwenye mkunjo: moja katikati, mengine sentimeta 3 kutoka kila ncha. Weka kandambili kuukuu chini, tumia pini. Sindano ya gunia inaacha tundu kubwa ambalo uzi unacheza ndani yake. Kata uzi wa sentimeta 60. Anzia ndani, tokea tundu la katikati, ukiacha mkia wa sentimeta 8. Rudi ndani kwa tundu la juu, shuka kwa ndani moja kwa moja hadi la chini ukiliruka la katikati, tokea nje, kisha rudi ndani kwa tundu la katikati. Mikia miwili ikae huku na huku ya ule mshono mrefu, vuta sambamba na mkunjo, funga. Ukivuta kwa kuelekea juu, karatasi inachanika kwenye tundu.

Huduma ya baindingi ya spairo kwenye maduka ya steshenari ni ya haraka, ila inakula ukingo wa kushoto. Kama ndiyo utakayotumia, mtoto aache sentimeta 2.5 tangu rasimu. Vinginevyo mashine itatoboa herufi za mwanzo za kila mstari.

Kuhusu wino: peni ya kawaida ya bik inafaa kuliko zote kwa hali ya hewa yetu. Maka peni inapenya gramu 80 hadi upande wa pili. Rangi za kreyoni zinahamia ukurasa unaotazamana nao, hasa kwenye joto la Januari na Februari, basi weka kipande cha karatasi nyembamba katikati. Picha halisi za familia zisibandikwe kamwe. Toa kopi kwenye mashine ya fotokopi, nyeusi na nyeupe inatosha, kwa kuwa wino wake wa unga hautiririki kwa unyevu kama wa printa ya wino wa maji. Gundi nyeupe ipakwe kidogo mno, kisha kitabu kilaliwe na vitabu vizito usiku kucha. Gundi ya uji wa ngano iacheni. Masika ikifika inaota ukungu na mende wanaifuata.

Vifaa vizuri haviandiki hadithi. Mwambie mtoto wa darasa la tano "andika maisha yako" na utapata "Jina langu naitwa fulani, nina miaka kumi na moja, nasoma shule ya msingi fulani". Darasa zima litakuletea hiyohiyo, kwa sababu ndivyo insha zilivyowazoesha. Mpe jambo dogo lenye mahali na siku. Kovu ni mlango mzuri sana: karibu kila mtoto analo, na ukimuuliza limetokana na nini anakutajia mti aliopanda, nani alikuwepo, nani alimbeba, mama alisema nini. Jina ni mlango wa pili. Juma, Mwajuma, Masika, Tabu, Sikujua: nyuma ya kila moja kuna siku, msimu au jambo lililoipata familia, na mtoto itabidi amwendee bibi au shangazi akaulize. Wa tatu ni njia ya kwenda shule, ichorwe kama ramani kwanza, kisha iandikwe.

Kwa ukurasa wa familia, badala ya mti wa ukoo tumia Mti wa Maisha, zoezi lililobuniwa na Ncazelo Ncube-Mlilo wa Zimbabwe na David Denborough wa Australia kwa ajili ya watoto waliopitia mambo mazito. Mizizi ni asili ya mtoto na wazee wake. Ardhi ni mambo anayoyafanya kila siku. Shina ni yale anayoyaweza. Matawi ni matumaini yake. Majani ni watu anaowathamini, walio hai na waliotangulia. Matunda ni mema aliyotendewa. Hakuna nafasi ya baba inayobaki wazi. Usimsukume mtoto aeleze msiba au ugomvi wa nyumbani. Akianza mwenyewe, sikiliza, na umuulize kama anataka yaingie kitabuni.

Kalamu nyekundu isiguse rasimu ya kwanza. Tahajia, mathalani r na l zinazobadilishana, isahihishwe pembeni kwa penseli kabla ya kunakili nakala safi. Maneno ya mtoto yabaki ya kwake hata kama wewe ungesema vingine.

Wanaoendesha warsha wanapenda kupiga picha kurasa na kuziweka mtandaoni. Ukurasa wenye jina, shule na mtaa wa mtoto ni taarifa binafsi, na Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Omba ridhaa ya mzazi, na mtoto mwenyewe achague kurasa za kusomwa mbele ya watu.

Kitabu kikikamilika toa kopi moja ibaki kwa mlezi, ile halisi ni ya mtoto. Kikae ndani ya boksi juu ya kabati, mbali na ukuta unaovuja. Mfuko wa plastiki uliofungwa unashika unyevu, na pini za stepla hushika kutu mapema huku pwani, sababu nyingine ya kushona kwa uzi.