Kukabidhi Kazi au Kukabidhi Uamuzi?

Mkuu anayekabidhi kazi husema: "Mpigie mteja huyu, mpe punguzo la asilimia 5, kisha niletee majibu." Anayekabidhi uamuzi husema: "Mteja huyu anataka kuondoka. Una ruhusa ya kumpa punguzo la hadi asilimia 10. Namna ya kumbakisha, amua wewe."

Njia ya kwanza ni ya haraka na makosa yake ni machache. Kwa mfanyakazi mgeni, au kazi ya kodi na mishahara, sioni sababu ya kuikwepa. Shida huonekana bosi akisafiri: simu haiachi kuita, na kila jambo dogo linangoja kibali.

Njia ya pili huanza kwa gharama. Wiki za mwanzo utaona maamuzi ambayo wewe usingeyafanya, na mkono utakuwasha kuingilia. Ukiingilia mara mbili tu, watu wataelewa kwamba ruhusa ilikuwa ya mdomoni, nao watarudi kuuliza. (Wengi wanaolalamika kuwa "watu wangu hawajiongezi" wamewazoesha hivyo wenyewe.)

Katika barua ya mwaka 2015 kwa wanahisa wa kampuni ya Amazon, mwanzilishi wake Jeff Bezos alitenganisha maamuzi yasiyorudishika na yale yanayoweza kubatilishwa, akasema haya ya pili yafanywe haraka na mtu mmoja mwenye busara au kikundi kidogo. Naona kipimo hicho kinatosha: ratiba, punguzo na malalamiko ya wateja viende kwa timu, mkopo mkubwa au ubia mpya ubaki mezani kwako.