Drili ya karakana Tanga: waya kwanza, betri baadaye

Fundi anayefungua karakana Tanga, iwe ya makochi Ngamiani au ya milango Chumbageni, aanze na drili ya waya. Ya betri ifuate akishapata kazi za kwenda kufunga majumbani. Nalisema hili wazi kwa sababu madukani za betri ndizo zinazowekwa mbele, ndani ya mabegi yake ya plastiki, na vijana wengi wanamalizia mtaji wao hapo.

Namba moja: ya waya, wati 650 hadi 750, mdomo (unaoshika biti) wa milimita 13

Karakana ina meza na soketi, na kazi inakufuata pale pale ulipo. Sasa fikiria unatoboa matundu ya bawaba za kabati, yale ya milimita 35, kwenye mtiki wa Longuza kule Muheza. Mtiki una mafuta, tena una chembe za silika zinazokula makali ya biti, na biti ikishakuwa butu mashine inabeba mzigo mkubwa zaidi. Hapo ndipo hesabu inaposema: betri ya volti 18 yenye ampea-saa 2 ina wati-saa 36 tu. Drili ya wati 700 ikifanya kazi kwa nguvu zake zote hula kiasi hicho kwa dakika kama tatu. Ya waya, uniti moja ya LUKU inakupa zaidi ya saa nzima ya kazi nzito.

Usichukue yenye mdomo wa milimita 10, maana biti nene hazitaingia. Hakikisha kitufe kinaitikia kidole: ukibonyeza kidogo izunguke polepole, ukizidisha iongeze kasi. Ubavuni tafuta vifuniko viwili vidogo vya skrubu, ndimo zinamokaa kaboni, vile vipande vinavyopeleka umeme kwenye mota inayozunguka. Kaboni huisha, na mashine inayokuruhusu kuzibadilisha mwenyewe kwa bisibisi itadumu sana mikononi mwako.

Muuzaji akubali kuiwasha. Funga biti nyembamba ndefu, izungushe taratibu, kodolea macho ncha yake. Ncha ikitulia, sawa. Ikichora duara, mdomo umepinda na kila tundu lako litakuwa pana kuliko biti. Kisha chungulia kwenye matundu ya hewa: cheche ndogo za bluu ni kawaida, lakini moto wa rangi ya machungwa ukizunguka duara zima, mrudishie mashine yake.

Udhaifu wake ni kwenye skrubu. Nyingi za aina hii hazina pete ya kupunguza nguvu, kwa hiyo skrubu ikishafika mwisho mashine inaendelea kusukuma hadi kichwa kinaharibika au mbao inapasuka. Na ekstensheni nyembamba inaiua mota: umeme unafika umepungua, mota inachemka. Tumia waya wa milimita za mraba 1.5 au zaidi, na uikunjue yote kabla ya kuanza.

Namba mbili: ya betri, volti 18, mota isiyo na kaboni

Mteja wa Raskazone anataka kabati lifungwe jioni, au nyumba ya Pongwe bado haijaingizwa umeme. Hapo hii haina mpinzani. Ile pete yenye namba shingoni inaacha kusukuma skrubu inapokaza kiasi ulichochagua, na kazi inatoka safi. Umeme ukikatika mchana, nawe ulichaji asubuhi, unaendelea.

Iliyoandikwa volti 20 na iliyoandikwa 18 mara nyingi ni kitu kimoja: seli tano ndani, ambazo zikijaa kabisa hufika 20 au 21 na zikianza kazi hutulia kwenye 18. Usilipie tofauti hiyo. Cha kulipia ni betri ya pili, ya ampea-saa 4 ukiweza. Kabla ya kutoa pesa, uliza betri hiyo peke yake ni shilingi ngapi na kama ipo dukani, kwa sababu betri za kampuni moja hazivai kwenye mashine ya nyingine. Hata Bosch ya bluu na ya kijani, zote za volti 18, hazibadilishani.

Halafu joto. Karakana zetu ni za bati, na saa nane mchana humo ndani hapakaliki. Usiache betri juu ya kabati karibu na bati, wala usiichomeke kwenye chaja ikiwa bado ya moto. Iache ipoe kwanza. Kwa hewa yetu ya chumvi, futa na vile vibati vya shaba vinavyopokea umeme visije vikaota kutu ya kijani.

Namba tatu: ya betri, volti 12

Nyepesi, nzuri kwa kufunga vitasa na droo. Kama drili ya pili inafaa, kama ya pekee haikutoshi.

Zisizofaa kabisa

Zile zinazoandikwa volti 48, 88 au 98 kwa bei ya kushangaza. Ifungue betri yake na uzihesabu seli: ukikuta tano, hiyo ni volti 18 tu, chochote kilichochapwa nje. Anayedanganya kwenye namba hatakuwa mkweli kwenye gia. Inaniuma kuona fundi anayejinyima miezi anaishia na kitu hiki.

Na zege je?

Drili ya kawaida yenye alama ya nyundo inatoboa tofali la bloku bila shida. Kwenye nguzo au linta ya zege utasukuma hadi mabega yaume. Kazi hiyo ni ya mashine ya SDS-plus, ambayo ndani yake pistoni ya hewa ndiyo inayopiga, na wewe unashikilia tu. Kwa seremala anayefunga fremu mara mojamoja, kuikodi siku ya kazi kunatosha. Nunua biti zako mwenyewe, za milimita 8 na 10, kwani za kukodi huwa zimeshakwisha makali.