Mama wa nguo za baridi, Soko Kuu Mtwara: beba kiberiti

Ukifika sokoni uliza mama anayeuza nguo za baridi. Watakuonyesha huku wanacheka, maana Mtwara hii nani anavaa sweta zito?

Mimi hapa. Kazi yangu ni kupeleka wageni kuzamia Mikindani na Msimbati, na kwetu hata msimu wa kusi suti nyembamba ya mpira inatosha. Sasa mgeni mmoja kanialika Ufini mwezi Machi, tukazamie ziwani chini ya barafu. Maji yanayogusa barafu ni kama nyuzi 0, na ukishuka chini hayapiti 4. Suti isiyoingiza maji atanipa yeye, pamoja na regyuleta (vifaa vya kupumulia) za maji baridi na kamba ya kunifunga, ambayo mwisho wake anaushika mtu aliyebaki juu. Nguo za ndani nijitafutie.

Na hizo nguo za ndani ndizo zenye kazi. Suti ile inazuia maji tu. Joto linatunzwa na hewa iliyonaswa kwenye nguo ulizovaa ndani. Pamba ikilowa jasho inajilaza, hewa inatoka, unaanza kutetemeka. Sufu hata ikiwa na unyevu bado inakufaa.

Shida ya mitumba, lebo nyingi zimekatwa. Nikamwambia, "Shikamoo mama, naomba nichome uzi." Akaniangalia juu mpaka chini. "Marahaba. Ukiniunguzia banda, mwanangu, utanilipa belo zima." Tukachomea kwenye kifuniko cha sufuria. Uzi wa sufu unanuka kama nywele zilizoungua na kuacha majivu yanayosagika. Poliesta inayeyuka, inabaki kidonge kigumu. Pamba inanuka karatasi. Sweta nane alizoniapia kuwa ni sufu, zilizofaulu ni tatu. Wala hakununa; alizitenga mwenyewe na kuuliza kama kuna mtihani mwingine.

Upo. Nilizivaa zote tatu kwa pamoja, saa saba mchana, chini ya bati, jasho mpaka kwenye viatu, kisha nikapeleka mkono nyuma ya shingo kama nagusa valvu ya mtungi wa hewa ninaobeba mgongoni. Mkono ukakataa. Nikairudisha moja, mkono ukafika. Zikibana sana zinaikamua ile hewa unayoitaka, na zikizidi unene zinakuelesha, unaishia kujifunga vipande vingi vya madini ya risasi kiunoni ili uzame. Banda halina kioo wala pa kubadilishia nguo, kwa hiyo jiandae kutazamwa. Mimi nilipigiwa makofi.

Sweta mbili kwa 6,000 kila moja, taiti mbili za poliesta kwa 3,000 kila moja, soksi nzito jozi nne kwa 1,500 kila jozi. Jumla 24,000, na hizo ni nguo ambazo wenzangu wa huko wanazinunua kwa pesa ya kutisha. Soksi zikague vidoleni, jozi moja yangu nondo alishapita.

Glavu usinunue. Kaniuzia za kuchezea theluji kwa 2,000, "maji hayaingii hata uende nazo baharini." Nikanunua barafu ya wauza samaki, nikajaza ndoo ya maji, nikatia mikono na kuanza kufunga mafundo ya kamba. Hazikumaliza dakika mbili, vidole vimelowa. Fundo la tatu sikulihisi kabisa. Nikamrudishia. Pesa hakutoa, kanipa kofia ya sufu badala yake, nami nikaridhika. Glavu zinazofaa ni zile zinazofungwa kwenye mkono wa suti yenyewe, na hizo sokoni kwetu sijaziona.

Nenda asubuhi ya siku anayofungua belo. Na uwahi, kwa sababu wiki iliyofuata nilimkuta ana kiberiti chake, anawachomea wateja nyuzi huku akiwaeleza habari ya nywele, na sweta za sufu zimepanda hadi 10,000. Nimejitakia.